Vitu Vilivyolala Ghalani Vigeuzwe Fedha

Mkulima mwenzangu, ingia ghalani mwako leo uangalie vizuri. Nyuma ya magunia ya mahindi utaona nini? Labda utaliona jembe la kukokotwa na ng'ombe ambalo halijagusa udongo tangu ulipoanza kukodi trekta. Karibu yake ipo baiskeli ya kijana aliyekwisha hamia mjini, mitungi miwili ya maziwa ya siku zile ulipokuwa na ng'ombe wengi, cherehani isiyoshonewa kitu, na kipande cha seng'enge kilichobaki ulipozungushia ua. Vitu hivi havili wala havilalamiki, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuvisahau.

Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Neno hilo ni la kweli kwa fedha iliyowekwa katika chama cha akiba na mikopo. Kwa chuma si kweli. Kila msimu wa mvua unaopita kutu hula sehemu yake, mchwa hula mpini, na panya hutafuna tairi ya baiskeli. Kitu ambacho mwaka huu kingeuzwa Sh. 3,000, baada ya miaka mitatu kitauzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Sasa tazama yale yanayotokea mwezi wa Januari. Karo ya shule inatakiwa, mbolea inatakiwa, na pengine fedha za shamba bado zinadaiwa. Mkulima aliyebanwa hivyo humwita mfanyabiashara wa ng'ombe, naye huja haraka kwa sababu anajua mwenyewe hana nafasi ya kubishana bei. Ng'ombe anayekamuliwa huondoka. Tuseme ng'ombe huyo alikuwa akitoa lita 8 kwa siku za kupeleka kituoni, na lita moja ni Sh. 45. Hiyo ni Sh. 360 kila siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni Sh. 10,800. Shida ya mwezi mmoja imelipwa kwa mapato ya miezi mingi, na huku ghalani jembe, cherehani na baiskeli vimelala vile vile.

Makala hii yataka kukuonyesha njia nyingine: kutenga siku moja ya kuuza nyumbani kwako vitu usivyovitumia, kwa mpango mzuri, kabla haja haijakushika shingoni.

JAMBO HILI SI GENI KATIKA SKIMU

Wakati Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, na Wazungu wengi waliokuwa na mashamba makubwa wakawa wanaondoka, vyombo vyao vingi viliuzwa pale pale shambani. Yaliuzwa majembe ya kukokotwa, mikokoteni, mitungi ya maziwa, viti na vitanda. Wako wazee wa skimu waliopata vyombo vyao vya kwanza kwa njia hiyo.

Lakini iko tofauti moja kubwa kati ya mauzo yale na yako. Wale walikuwa wakienda zao, wewe unabaki. Mtu atakayenunua bomba la dawa kwako siku ya Jumamosi utakutana naye Jumatatu kwenye kituo cha maziwa. Ikiwa bomba linavuja nawe hukumwambia, umepata Sh. 800 na umepoteza jirani. Na katika skimu, ambako watu wengi wametoka sehemu mbalimbali na hawana ndugu karibu, jirani ndiye anayekuazima ng'ombe dume, ndiye anayekubeba usiku mgonjwa akizidiwa. Kwa hivyo shika neno hili tangu mwanzo mpaka mwisho: uza vitu visivyokulisha, na uviuze kwa ukweli.

SHAURIANENI NYUMBANI KWANZA

Mume asiamke asubuhi akaanza kutoa vyombo nje, wala mke asifanye hivyo mume akiwa safarini. Kaeni pamoja jioni moja, baba, mama na watoto wakubwa, mkapite chumba kwa chumba na daftari mkononi. Ile sufuria kubwa ambayo baba anaiona haina kazi, mama anajua ndiyo inayopika chakula cha kikundi chao. Na yale magurudumu ambayo mama anayaona ni takataka, pengine baba ameyaweka kwa ajili ya mkokoteni.

Tena jambo hili si adabu tu. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 huhesabu vyombo vya nyumba ya ndoa kuwa mali ya ndoa, na mali ya ndoa haifai kuuzwa na mmoja bila ya idhini ya mwenzake. Kadhalika angalieni sana vyombo vya marehemu. Chini ya Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, mtu haruhusiwi kujiuzia mali ya marehemu kabla ya kupata idhini ya kuisimamia kwa njia ya sheria. Cherehani ya nyanya aliyefariki mwaka jana ingoje mpaka shauri la urithi limekwisha. Sh. 7,000 hazifai kuwagombanisha watoto wa tumbo moja.

Katika kikao hicho hicho amueni kazi ya fedha zitakazopatikana, mkaiandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Kwa mfano: "Karo ya muhula wa kwanza, na magunia mawili ya mbolea." Fedha isiyo na kazi iliyoandikwa huyeyuka njiani kabla ya kufika nyumbani.

GAWENI VITU KATIKA MAFUNGU MANNE

Toeni kila kitu ghalani na mkitie katika fungu lake.

Fungu la kwanza ni vitu vya kubaki. Hivi ni vyombo mnavyovitumia kila msimu, mbegu, na vyombo vya kukamulia. Ukiuza forojembe lako la pekee kwa sababu mnunuzi ametoa bei nzuri, utalikodi la jirani mwaka mzima.

Fungu la pili ni vitu vya watu. Msishangae: karibu kila ghala ina msumeno au mnyororo ulioazimwa ukasahauliwa. Rudisheni vitu hivyo kabla ya kutangaza mauzo. Ni aibu kubwa jirani aje na fedha zake kununua nyundo, akute ni nyundo yake mwenyewe.

Fungu la tatu ni vitu vya kuuzwa.

Fungu la nne ni vitu vya kuharibiwa au kutupwa, na hapa yapo mambo ya hatari ambayo yapasa kuelezwa peke yake.

VITU VISIVYOUZWA KABISA

Madebe, mitungi na chupa vilivyowahi kuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya magugu au dawa ya wadudu visiuzwe, wala visitolewe bure. Mtungi wa plastiki unaweza kuoshwa ukang'aa, na bado sumu imenywea ndani yake. Atakayeununua atauchotea maji ya kunywa, kwa maana mitungi hununuliwa kwa kazi hiyo. Osheni chombo hicho mara tatu, maji ya kuoshea yamwageni katika bomba la kunyunyizia mtumie shambani, kisha kitoboeni kisifae tena, mkamwulize Bwana Shamba mahali pa kukipeleka.

Masalio ya dawa yenyewe pia hayauzwi. Sheria inataka mwenye kuuza dawa za wadudu awe na leseni, na dawa iliyotiwa katika chupa ya soda imekwisha kuua watoto. Dawa za mifugo zilizopitwa na tarehe ni vivyo hivyo.

Magunia yaliyobeba viazi vyenye mnyauko yasiuzwe kwa mkulima wa viazi. Ugonjwa huo hukaa katika udongo, na udongo husafiri katika magunia, katika majembe na hata chini ya viatu.

Karatasi za shamba zitoeni kabisa katika masanduku na makabati kabla ya kuyauza. Barua ya kugawiwa ploti, risiti za malipo na vyeti vya watoto hupenda kujificha chini ya droo. Fungueni kila droo na kila mfuko wa koti.

Na mifugo msiiingize katika mauzo haya. Kumhamisha ng'ombe kwataka kibali cha Afisa wa Mifugo, nayo ni biashara ya peke yake, yenye siku yake na soko lake.

OSHENI NA KUTENGENEZA

Kuna methali isemayo, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Jembe lenye matope na kutu mnunuzi huliangalia kwa pembeni, akatoa bei ya chuma chakavu. Jembe lile lile likisuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa mafuta yaliyotumika ya injini, analiinua mkononi na kulijaribu. Uzuri mwingine ni kwamba kuosha udongo wote katika majembe na mapanga huzuia kupeleka magonjwa ya mimea katika shamba la jirani.

Yatendeni haya wiki mbili kabla ya siku yenyewe:

1. Jembe la ng'ombe lifungwe bulti zake zote, na mnyororo na nira viwekwe pamoja nalo. Jembe bila nira ni nusu ya jembe.

2. Mitungi ya maziwa ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, isuguliwe ndani, ianikwe juani bila kifuniko. Mnunuzi wa mtungi hunusa kwanza, kisha ndipo huuliza bei.

3. Cherehani ipakwe mafuta, ukanda ukiwa umekatika ununuliwe mwingine, na kipande cha kitambaa kiwekwe chini ya sindano ili mnunuzi ajishonee mwenyewe.

4. Baiskeli ijazwe upepo na mnyororo uwekwe sawa. Baiskeli inayopandwa huuzwa. Inayobebwa begani haiuzwi.

5. Vyombo vya kuku vioshwe kwa dawa ya kuua viini na kuanikwa juani siku kadhaa, kwa kuwa ugonjwa wa kideri hupita kutoka boma hadi boma kwa vyombo vichafu.

Lakini msitumie fedha nyingi kukitengeneza kitu kuliko zile kitakazoongeza. Redio ambayo matengenezo yake ni Sh. 900, na ikitengenezwa itauzwa Sh. 1,000, iuzeni ilivyo, na karatasi juu yake: "Haifanyi kazi. Ya vipuri. Sh. 200." Mtu wa kutengeneza redio ataifurahia, wala hapana atakayelalamika.

NAMNA YA KUWEKA BEI

Wengi hushindwa hapa. Mmoja huweka bei ya kitu kipya kwa sababu anakumbuka alivyokitafutia fedha. Mwingine, kwa haya, huwaambia watu, "Toeni mnachotaka," nao hutoa wanachotaka kweli.

Kanuni nyepesi ni hii. Ulizeni dukani bei ya kitu kipya cha namna ile. Ikiwa chenu ni kizima na kinafanya kazi vizuri, kiandikieni nusu ya bei ile, au chini kidogo. Ikiwa kimechakaa lakini kinafanya kazi, theluthi moja. Ikiwa ni cha vipuri tu, sehemu ya kumi. Kisha jiulizeni, "Mimi nikiwa mnunuzi, ningetoa bei hii?" Kama jibu ni hapana, punguzeni.

Andikeni bei juu ya kila kitu kwa karatasi na gundi, namba kubwa za kuonekana. Bei iliyoandikwa humsaidia mtu mwenye haya, na humwonyesha kila mtu kwamba tajiri na maskini wanaulizwa bei moja. Katika daftari, mbele ya kila kitu, andikeni pia bei ya mwisho ambayo hamtashuka chini yake. Hiyo wajue wawili tu, yule anayeuza na yule anayeshika fedha. Watu watapatana bei, maana hiyo ndiyo raha ya soko. Nanyi mtajua mahali pa kusimama bila kugombana.

Vitu vidogo vidogo, kama vijiko, misumari iliyonyoshwa, vitabu vya shule na vifuniko, vitieni katika karai moja na kuandika, "Kila kimoja Sh. 20." Haba na haba hujaza kibaba.

CHAGUENI SIKU, KISHA TANGAZENI

Siku njema ni ile ambayo watu wana fedha mfukoni. Katika sehemu za maziwa, ni siku moja au mbili baada ya chama kuwalipa wanachama. Katika sehemu za mahindi, ni baada ya mavuno kuuzwa. Vitu vya kulimia huuzwa vizuri zaidi wiki chache kabla ya mvua za masika, wakati kila mtu anatengeneza shamba. Msiuze wiki ya kufunguliwa shule. Wiki hiyo kila mfuko umetoboka.

Epukeni siku kubwa ya soko, siku ya baraza ya chifu na siku ya mazishi ya mtu wa karibu. Wengi hupenda Jumamosi, lakini kama majirani zenu wengi ni Wasabato, Jumamosi yenu itakuwa tupu. Chagueni kwa kuwatazama watu mnaoishi nao.

Tangazeni siku kumi mbele, tena mara ya pili siku tatu mbele. Mahali pa kubandika tangazo ni penye watu wanaongoja: kituo cha maziwa, kinu cha posho, duka, kanisa, msikiti na shule, mkiisha kuomba ruhusa ya wenyewe. Mfano wa tangazo ni huu:

"MAUZO YA VYOMBO NYUMBANI. Jumamosi, tarehe ____, kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Ploti Namba ____, karibu na ____. Vitauzwa jembe la ng'ombe na nira yake, cherehani ya mguu, mitungi ya maziwa ya alumini, baiskeli, wilbaro, seng'enge, vyombo vya jikoni na vitabu vya shule. Bei imeandikwa juu ya kila kitu. Hapana kuuza kabla ya saa 3. Malipo ni taslimu au kwa M-Pesa. Nyote mnakaribishwa."

Angalieni kwamba tangazo limetaja vitu kwa majina yake. Mtu hatatembea maili tatu kwa sababu ya neno "vyombo mbalimbali," lakini atatembea kwa sababu ya cherehani. Vile vile limekataza kuuza mapema. Msipoandika hivyo, wafanyabiashara watagonga mlango kabla ya jua kuchomoza, wachague vizuri vyote kwa bei ndogo, na majirani wakifika wakute karai ya vijiko.

MWAMBIENI NAIBU WA CHIFU

Mpeni naibu wa chifu habari mapema, maana watu wengi watakusanyika penu na yafaa ajue sababu. Ofisi ya kaunti iliyo karibu mwiulize kama wanataka ushuru wowote kwa mauzo ya siku moja ya vyombo vya nyumbani. Ni heri kuuliza kabla kuliko kuulizwa baadaye.

Tena msiyageuze mauzo yenu kuwa mnada wa kupandisha bei kwa kelele. Kazi ya mnada ina wenyewe: sheria ya mwaka 1996 inataka dalali wa mnada awe na leseni. Nyinyi uzeni kwa bei iliyoandikwa, na kupatana na mnunuzi mmoja mmoja.

KUPANGA UWANJA

Fungueni lango moja tu. Kitu kikubwa na kizuri, kama jembe la ng'ombe au baiskeli, kiwekeni mahali panapoonekana kutoka barabarani. Vyombo vya shamba viwe pamoja, vya jikoni pamoja, vya watoto pamoja, juu ya meza, mikeka na magunia safi. Acheni njia pana ya kupita mtu na mtoto mgongoni. Nyumba ifungwe kwa kufuli, na mbwa afungwe mbali.

Kisha kamba ifungwe kuzuia watu wasiende kwenye boma la ng'ombe, zizi la nguruwe wala banda la kuku. Wageni hupenda sana kwenda kutazama ng'ombe wa mwenyeji, lakini siku hiyo mkatae kwa upole. Viini vya ugonjwa wa miguu na midomo huweza kufika kwa viatu na nguo za mtu aliyetoka kwenye boma lenye ugonjwa. Langoni wekeni gunia lililoloweshwa dawa ya kuua viini, kila mtu alikanyage akiingia na akitoka. Afisa wa Mifugo atawaonyesha dawa ya kutumia. Na ikiwa sehemu yenu imetiwa karantini, ahirisheni mauzo. Hakuna jembe lililo ghali kuliko mifugo ya lokesheni nzima.

SIKU YENYEWE

Gaweni kazi. Mmoja asimame langoni kukaribisha watu. Mmoja au wawili waonyeshe vitu na kupatana bei. Mmoja peke yake ashike fedha na daftari, asiondoke pale alipo. Watoto wakubwa wabebe vitu mpaka barabarani. Chai na mandazi vikiwapo, mtu hukaa zaidi, na akikaa huona kitu ambacho hakukiona mara ya kwanza.

Fedha za chenji ziwe tayari tangu jana yake. Kiasi cha Sh. 2,000 kinatosha: noti kumi za Sh. 100, noti kumi za Sh. 50, sarafu kumi na tano za Sh. 20, na sarafu ishirini za Sh. 10. Ziandikeni katika daftari, kwa kuwa hizo si mapato. Zitatolewa jioni kabla ya kuhesabu.

Noti zote kubwa ziangaliwe kwa mwanga. Kumbukeni kwamba noti za zamani za Sh. 1,000 zilikoma kuwa fedha halali tarehe 30 Septemba, 2019. Mtu akiileta, hata kwa kutojua, mrudishieni. Anayelipa kwa simu, msitazame ujumbe ulio katika simu yake, kwa maana ujumbe huweza kutengenezwa. Tazameni simu yenu wenyewe, mkaangalie na salio, ndipo mpeni kitu chake.

Juu ya mkopo, semeni mapema na kwa watu wote sawasawa. Kama jirani anakitaka kitu na hana fedha zote, atoe nusu, kitu kibaki kwenu, na tarehe ya kumaliza iandikwe na kutiwa sahihi na wote wawili. Kitu kilichoondoka bila fedha huondoka na urafiki.

Na kila kitu chenye kasoro, isemeni kasoro hiyo kabla ya mnunuzi hajaiona. "Wilbaro hii gurudumu lake huishiwa upepo kwa siku mbili." Mtu atapunguza Sh. 200, lakini atayaamini maneno yenu juu ya vitu vingine vyote, na mwaka ujao atarudi. Kwa vitu vya thamani, kama cherehani na baiskeli, mpeni hati fupi yenye tarehe, jina la muuzaji, jina la mnunuzi, kitu chenyewe na bei, ili asije akasumbuliwa njiani kama mwizi.

HESABU YA JIONI

"Biashara ni asubuhi, jioni mahesabu." Wageni wakiisha kuondoka, fungeni lango na kuhesabu pamoja. Tuchukue mfano wa jamaa moja yenye vitu kama vile tulivyovitaja:

Jembe la ng'ombe na nira: Sh. 6,000
Cherehani ya mguu: Sh. 7,000
Mitungi miwili ya maziwa: Sh. 5,000
Baiskeli: Sh. 3,500
Wilbaro: Sh. 2,000
Kipande cha seng'enge: Sh. 1,200
Majembe matatu ya mkono: Sh. 450
Vitu vidogo vidogo: Sh. 1,850
Jumla: Sh. 27,000

Gharama: matengenezo ya baiskeli Sh. 600, mafuta na ukanda wa cherehani Sh. 350, karatasi na gundi Sh. 250, chai na sukari Sh. 300, vijana wawili wa kusaidia Sh. 1,000. Jumla Sh. 2,500.

Kilichobaki ni Sh. 24,500. Fedha hizo hazikutoka katika ng'ombe wala katika ekari za kukodisha. Asubuhi ya pili ng'ombe anakamuliwa kama kawaida, na lita zake 8 zinaendelea kufika kituoni. Fungueni ukurasa wa kwanza wa daftari, soma ile kazi mliyoiandika, na fedha ziende huko huko, siku ya kwanza ofisi zikifunguliwa.

VILIVYOBAKI VISIRUDI GHALANI

Vitu ambavyo havikununuliwa vitakuvuteni mvirudishe mahali pake pa zamani. Msifanye hivyo. Nguo na vitabu vinavyofaa vipelekeni shuleni, kanisani au kwa jirani mwenye shida. Chuma chakavu kiuzeni kwa mnunuzi mwenye leseni kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka 2015, na msiingize hata kipande kimoja cha waya wa umeme au cha reli, kwa kuwa mtaulizwa kilikotoka.

Kisha fagieni ghala, zibeni matundu ya panya, na inueni mbao za kuwekea magunia zisiguse sakafu. Hiyo ni faida ambayo haikuandikwa katika hesabu: mavuno yajayo yatapata nafasi kavu ya kukaa, na mtaona mapema gunia likianza kuingiwa na wadudu.

Msingoje Januari. Shikeni daftari jioni hii, andikeni vitu vitano ambavyo havijaguswa tangu mavuno ya mwaka jana, na mkae kuzungumza. Kama kuna jambo lisilofahamika juu ya madebe ya dawa au juu ya karantini, fikeni kwa Bwana Shamba au kwa Afisa wa Mifugo wa sehemu yenu kabla ya kubandika tangazo.